Nati ya Breki na Mteremko wa Kirumba

Nati ya kurekebishia breki ya nyuma ya pikipiki ndiyo rahisi kuliko nati zote za chombo hicho. Mara nyingi haihitaji hata spana. Dereva huinama, huizungusha kwa vidole mara mbili tatu, hukanyaga pedeli kuonja, huwasha na kuondoka. Kwenye vijiwe vya Kirumba, Mwanza, kazi hiyo hufanyika abiria akiwa ameshakaa nyuma na mzigo wake mapajani.

Naamini urahisi huo ndio unaotuumiza. Breki ikilegea nati hukazwa, ikilegea tena hukazwa tena, na kila inapokazwa pedeli hurudi juu, dereva akaridhika. Ndani ya dramu, kile kinachosimamisha chombo kinazidi kwisha. Kukaza nati ni kurekebisha nafasi tu. Hakuongezi hata chembe ya breki. Watu wengi wanaoendesha toyo, zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, na bodaboda kando ya Ziwa Victoria wanalijua jambo hilo wakiulizwa, lakini mazingira ya kazi yao yanawasukuma waishi kana kwamba hawalijui.

Kirumba si mahali pa kuishi hivyo. Chini kuna Mwaloni, soko la samaki ambalo dagaa waliokaushwa, sangara wa barafu na kayabo, yaani samaki wa chumvi, hupitia kwenda mikoani na kuvuka mipaka hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Katikati inapita Barabara ya Makongoro, inayotoka mjini, inapita Furahisha, inaendelea Pasiansi na kufika uwanja wa ndege. Pembeni ardhi inapanda ghafla: Kabuhoro, Kitangiri, Nyamanoro, nyumba zimekaa juu ya mawe na mawe yamekaa juu ya nyumba. Baadhi ya njia za vilimani Mwanza zimetandikwa mawe, kazi nzuri iliyowaokoa watu na makorongo na matope, ila jiwe lililosuguliwa na matairi huteleza likilowa.

Mzigo unaopanda huchosha injini. Unaoshuka huchosha breki, na vilima hivi vina vingi vya kushusha: kokoto zilizopondwa kwa nyundo, mawe ya msingi, vyuma chakavu, na asubuhi mapema wanafunzi watatu juu ya pikipiki moja, au mama mwenye beseni na ndoo anayewahi Mwaloni kabla dagaa hawajapanda bei.

Ndani ya dramu

Breki ninayoizungumzia ni ile isiyotumia mafuta. Bajaji nyingi za abiria tunazopanda leo husukuma breki zake za miguu kwa mafuta. Boxer, TVS na pikipiki nyingine nyingi za bodaboda zenye dramu, pamoja na toyo nyingi za mizigo, hutumia waya na fimbo. Mbele, hendeli ya mkono wa kulia huvuta waya. Nyuma, pedeli huvuta fimbo ya chuma. Waya au fimbo huvuta mkono mdogo uliofungwa kwenye kamu, nayo kamu ikizunguka husukuma breki shuu mbili zijitanue na kusugua ukuta wa dramu kwa ndani. Mguu ukiondoka, springi huzirudisha.

Mfumo huu ni wa zamani. Waya unaoteleza ndani ya ala ulianza kuenea Uingereza miaka ya 1890, na mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alitengeneza breki ya dramu inayotambulika kuwa mama wa hizi zetu. Umedumu kwa sababu fundi aliye na spana chache chini ya mwembe anaweza kuufungua, kuuelewa na kuuponya. Hauvujishi mafuta wala hauingiwi na hewa. Na una sifa nyingine ambayo mimi huithamini kuliko zote: hufa polepole na kwa kuonekana. Breki ya mafuta yaweza kuwa nzima asubuhi na mchana bomba likapasuka. Breki ya fimbo hutoa taarifa wiki kadhaa kabla, kwa yeyote anayetazama mahali sahihi.

Mahali hapo ni ule mkono mdogo wa nje. Pikipiki nyingi zina kishale kwenye shina la mkono huo na alama kwenye sahani ya breki. Kanyaga pedeli hadi mwisho: kishale kikifika kwenye alama au kuipita, shuu zimekwisha, hata kama pedeli ni ngumu na breki "inashika". Shuu mpya huwa na unene wa kama milimita 4, na watengenezaji wengi huweka kikomo karibu na milimita 2. Nusu ya kwanza ndiyo ya kutumia. Nusu ya pili ni ya kukuambia uache.

Pale ambapo kishale kimevunjika au kimefunikwa na matope, tazama pembe. Breki ikishika, mkono na fimbo vinatakiwa kukutana kwa pembe ya mraba au pungufu kidogo. Mkono ukiwa umelala kupita hapo, sehemu ya nguvu ya mguu inapotea kwa kuvuta upande usiofaa. Dereva hukanyaga zaidi, breki hushika kidogo, na yeye hudhani amechoka mguu.

Hapa kuna ujanja mmoja ambao lazima niuseme wazi kwa sababu ni wa hatari. Nati ikifika mwisho wa nyuzi zake, wapo wanaofungua mkono wa breki, kuuchomoa kwenye meno ya shina la kamu na kuurudisha jino moja nyuma. Mara moja nyuzi zinapatikana upya, pembe inaonekana nzuri, nati inaanza safari nyingine. Lakini kamu ndani haikurudi nyuma. Inaendelea kugeuka kutoka mahali ilipokuwa, na shuu zinavyozidi kuisha inakaribia kusimama wima kabisa kati ya shuu hizo. Ikifika hapo inaweza kukwama imezitanua, gurudumu likajifunga ghafla, au ikapinduka na breki isiwepo kabisa. Isitoshe, kishale kikiwa kimesogezwa pamoja na mkono, hakisemi kweli tena. Fundi anayefanya hivyo kwenye shuu zilizokwisha ameondoa taarifa pekee iliyobaki.

Hesabu ya kilima

Watu huogopa mwendo kasi, na wana haki. Kilima lakini kina hesabu yake, na inashangaza wengi.

Chukua toyo yenye kilo 600, ukijumlisha chombo, dereva na kokoto. Ikiwa inakwenda kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare na ikasimama, breki zake zimemeza nishati ya jouli 37,000 hivi, zote zikageuka joto. Sasa ishushe toyo hiyohiyo polepole, mwendo wa mtu anayetembea, kutoka kwenye kilima chenye kimo cha mita 30, sawa na jengo la ghorofa kumi, ambacho kwa vilima vya Mwanza si kitu. Kama breki peke yake ndiyo inayoizuia, itameza jouli 176,000 na ushei, karibu mara tano ya ile ya kwanza. Dereva atakuambia alishuka taratibu na atakuwa anasema kweli. Dramu ndizo zilizokimbia.

Joto hilo linafanya mambo mawili. Dramu ya chuma hutanuka na kuzikimbia shuu, kwa hiyo pedeli inashuka zaidi kuliko ilivyokuwa juu ya kilima. Nayo shuu yenyewe, hasa ya bei rahisi, ikipata moto sana hupoteza msuguano. Dereva aliyekaza nati chini tambarare, breki ikiwa ya baridi, amepima kitu ambacho hatakuwa nacho katikati ya mteremko. Ndiyo maana mtu mwenye busara hushuka akiwa kwenye gia ndogo tangu juu kabisa, injini ikisaidia kuzuia, na hashushi chombo kikiwa huru eti aokoe petroli. Petroli inayookolewa kwenye mteremko wa Kitangiri haitoshi kununua hata springi ya breki.

Ongeza hesabu ya umbali. Breki nzuri kiasi ya chombo cha namna hii husimamisha kutoka kilomita 30 kwa saa kwa mita 12 hivi kwenye tambarare. Breki iliyopoteza theluthi ya nguvu zake itahitaji mita 17. Tofauti ya mita tano, mtu anaweza asiione, akasema breki ipo. Peleka vyombo hivyo viwili kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita kumi. Cha kwanza sasa kinahitaji mita 17, cha pili kinahitaji 34. Na chombo cha tatu, chenye theluthi moja tu ya nguvu, ambacho kwenye tambarare bado kingesimama kwa mita 35, kwenye mteremko huo hakisimami. Kitashuka kwa mwendo uleule hadi kikutane na kitu. Hapo sijaweka ile sekunde moja ya dereva kushtuka, ambayo kwa mwendo huo ni mita nane zaidi.

Nimeiandika hesabu hii kwa kirefu kwa sababu inajibu swali la wapi breki ijaribiwe. Jaribio la mbele ya gereji, chombo kitupu, ardhi sawa, mita kumi kwenda na kurudi, haliwezi kutofautisha breki inayofaa Kirumba na breki itakayomaliza watu Kirumba.

Kurekebisha inavyotakiwa

Kazi huanza kwa kuinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono kabla ya kugusa nati yoyote. Linazunguka huru? Linatikisika pembeni? Bearing iliyolegea hufanya dramu icheze, na breki haiwezi kurekebishwa juu ya gurudumu linalocheza. Halafu upepo wa matairi. Toyo yenye tairi moja la nyuma lililopungua upepo itavuta upande ikifunga breki, na fundi asiyeanza na pampu atatumia saa nzima kutafuta kosa ndani ya dramu isiyo na kosa.

Kisha waya. Uvute ukiwa umefunguliwa kwenye mkono wa breki. Unatakiwa kuteleza ndani ya ala bila kukwaruza. Waya wenye uzi mmoja uliokatika karibu na kichwa chake cha risasi haurekebishwi, unabadilishwa, kwa sababu nyuzi zilizobaki zinabeba mzigo wa ile iliyokufa na zitafuata moja baada ya nyingine, na ya mwisho itakatika siku mkono utakapovuta kwa nguvu zote. Siku hiyo ndiyo siku ya ajali.

Dramu inafunguliwa. Hili ndilo linalorukwa kuliko yote. Vumbi lililomo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Shuu zinazouzwa hazina uhakika wa kilichomo ndani yake. Zipo duniani bado zenye asbesto, na Shirika la Afya Duniani linasema asbesto ya aina zote husababisha saratani. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha. Nawaona vijana wa gereji wakipuliza vumbi lile wakiwa wamesogeza uso, na roho huniuma, kwa kuwa maradhi yake huja miaka mingi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka.

Shuu zikiwa nene na kavu, uso wake huweza kuwa umeng'aa kama kioo. Msasa wa wastani huuondoa mng'ao. Zikiwa zimelowa mafuta au grisi iliyovuja kutoka kwenye bearing, zibadilishwe, na chanzo cha uvujaji kizibwe kwanza. Kuzichoma moto ili mafuta yatoke, kama wafanyavyo wengine, hakuziponyi. Kamu ipakwe grisi kidogo sana kwenye shina lake, isiyofika kwenye shuu. Na dramu yenyewe ipimwe. Dramu ya milimita 130 kwa kawaida huvumilia kuliwa hadi 131 tu. Ikizidi, shuu mpya kabisa zitagusa kipande kidogo cha ukuta na nati itaanza safari yake upya mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Wakati wa kufunga kuna jambo dogo ambalo fundi mzuri halisahau: kukanyaga au kuvuta breki na kuishikilia wakati nati ya ekseli inakazwa. Sahani ya breki hujiweka katikati ya dramu, na shuu zote mbili hushika sawasawa. Kisha ile fimbo inayozuia sahani ya breki isizunguke na gurudumu, iwe na bolti yake kamili na pini yake ya kufungia. Nimeona imefungwa kwa waya wa kujengea. Fimbo hiyo ndiyo inayobeba nguvu yote ya breki ya nyuma. Ikiachia, sahani nzima huzunguka na kuing'oa fimbo ya pedeli.

Sasa ndipo nati inapopata zamu yake. Izungushwe hadi gurudumu lianze kukwaruza, kisha irudishwe hadi lizunguke huru. Pedeli ya nyuma ibaki na nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kabla breki haijaanza kushika; hendeli ya mbele, sentimita 1 hadi 2 kwenye ncha yake. Nafasi hiyo wengi huiona kasoro na kuimaliza. Ni lazima iwepo, kwa sababu breki isiyo na nafasi husugua muda wote, hupata moto, na hujimaliza yenyewe barabarani pasipo kuguswa. Nati ina uso uliopinda unaokaa juu ya pini ya duara. Isiachwe imekaa kati kwa kati, maana itaanguka yenyewe mahali pake kwenye tuta la kwanza na breki italegea.

Na kwa bodaboda: mnyororo ukikazwa, breki ya nyuma irekebishwe upya. Kukaza mnyororo ni kurudisha gurudumu nyuma, na gurudumu likirudi nyuma fimbo ya breki hujivuta. Pikipiki nyingi hupata moto kwenye dramu siku ileile iliyotoka gereji kwa sababu hiyo tu.

Toyo ina neno lake la ziada, nalo ni usawa. Pedeli moja inavuta breki mbili za nyuma, na kila upande una nati yake. Zikitofautiana, gurudumu moja hushika mapema na chombo hujigeuza. Katika hili toyo ni ndugu wa karibu wa magari madogo ya gofu ya Club Car na E-Z-GO, ambayo mengi yake husimama kwa breki za nyuma za dramu zinazovutwa na waya mbili kutoka kwenye pedeli moja. Katikati ya waya hizo huwekwa kipande kinachocheza, kinachogawa mvuto wa mguu sawasawa pande zote mbili, na mafundi wake hufundishwa kukitazama kipande hicho kabla ya kugusa marekebisho. Kikiganda kwa kutu, hakuna nati itakayoleta usawa. Magari yale hubeba watu wawili na mifuko ya fimbo kwenye nyasi zilizofyekwa. Yetu hubeba kokoto kushuka milima, kwa breki zilizojengwa kwa fikra ileile, na hupata uangalizi mdogo zaidi.

Chumvi, barafu na mchanga

Maji ya Ziwa Victoria ni matamu, na mtu angedhani vyombo vya Kirumba vimeepuka kutu ya chumvi ya bahari inayokula vya Tanga na Mtwara. Mzigo wa Mwaloni umeirudisha chumvi hiyo. Kayabo hubebwa akiwa na chumvi, na magunia yake huacha unyevu wa chumvi kwenye sakafu ya toyo, unaotiririka kwenye fimbo, waya na zile nati mbili za nyuma. Sangara wa barafu hudondosha maji na mafuta ya samaki njia nzima. Dagaa huja na mchanga. Sijui mahali pengine Tanzania ambapo breki ya waya hupewa vyote vitatu kwa siku moja.

Kwa sababu hiyo ratiba ya fundi wa Kirumba haiwezi kuwa ya kitabu cha mtengenezaji. Chombo kinachobeba samaki kimwagiwe maji safi chini ya sakafu kila jioni, hasa kwenye maungio ya fimbo, kisha waya zipewe oili nyepesi kila wiki. Baada ya kuoshwa au kuvuka maji ya mvua, dereva aendeshe mita chache akiwa amegusa breki kidogo, shuu zikauke, kabla hajaelekea kwenye mteremko. Dramu iliyolowa inaweza kukosa kushika kabisa mara ya kwanza na ya pili, kisha ikashika ghafla. Masika na vuli, kwenye zile njia za mawe, hiyo mara ya kwanza ndiyo yenye thamani.

Jaribio lenyewe

Jaribio la kweli lina hatua, na kila hatua inamlinda mtu wa hatua inayofuata. Kwanza chombo kitupu, uwanja mtupu, mwendo wa kilomita 10 kwa saa, breki ya nyuma peke yake, kisha ya mbele peke yake. Fundi asimame pembeni atazame, au atazame alama za matairi kwenye vumbi: toyo inatakiwa kuacha mikwaruzo miwili ya nyuma inayoanza mahali pamoja. Halafu mwendo upande hadi 20 na 30, mikono ikiwa imeshika usukani kwa wepesi, ili kama kuna kuvuta upande kuonekane badala ya kufichwa na misuli ya dereva.

Pili, moto. Zunguka dakika kumi bila kufunga breki mara kwa mara, simama, sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, inasugua, na nati yake irudishwe kidogo.

Tatu, mteremko bila dereva juu ya pedeli. Toyo isimamishwe kwa breki ya maegesho ikiangalia chini, kisha igeuzwe iangalie juu, na itulie kote kuwili. Wapakiaji wa Mwaloni hawatakiwi kuwa watu wa kutafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi kila chombo kinapopakiwa. Jiwe ni tahadhari njema juu ya breki inayofanya kazi. Mahali linapokuwa ndilo breki yenyewe, mtu aliyeinama kulitoa anakuwa nyuma ya kilo 600.

Nne, mzigo. Nusu ya mzigo kwanza, kwenye mteremko mfupi wenye nafasi ya kutokea chini, gia ndogo, na chombo kisimamishwe mara tatu njiani. Mara ya tatu pedeli ikiwa imeshuka sana kuliko ya kwanza, chombo hicho hakijafika mahali pa kubeba mzigo kamili. Na kona zisichanganywe na breki: chombo chenye gurudumu moja mbele kikifungwa breki kikiwa kinakata kona na mzigo juu, huinua gurudumu la nyuma la ndani na kulalia upande wa mbele. Breki nzuri humwangusha dereva wa namna hiyo upesi kuliko breki mbovu.

Majaribio haya yote hayamalizi saa moja. Najua pia kwamba karibu hakuna anayelipwa kuyafanya. Fundi hulipwa kwa kifaa alichobadilisha na nati aliyokaza. Akisema anataka kwenda na chombo mlimani, dereva huona anachelewesha mkate wa siku. Stika ya ukaguzi ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ni kitu kizuri, lakini huja mara moja kwa mwaka, na shuu za toyo inayoshusha kokoto haziwezi kusubiri mwaka.

Nani anamiliki nati

Kiini cha tatizo hili, kwa maoni yangu, kiko kwenye hesabu ya siku. Madereva wengi si wamiliki. Mwenye chombo, yaani tajiri, hutaka jioni hesabu yake, ile fedha ya siku waliyokubaliana, na kati yao kuna mapatano yasiyoandikwa kwamba matengenezo madogo ni ya dereva na makubwa ni ya tajiri. Kukaza nati hakugharimu kitu. Kufungua dramu kunagharimu shuu, fundi, na nusu siku ya kazi, na mara nyingi hakuna aliyekubali ni dogo au kubwa. Kwa hiyo kila mtu anasubiri mwenzake, na nati inakazwa. Kwenye mkataba, ambapo dereva analipa hadi chombo kiwe chake, uzito wote ni wake, na hapo ndipo shuu hutumika hadi chuma kinasugua chuma na kuiharibu dramu ambayo bei yake inazidi sana ile ya shuu alizokwepa.

Hayo yanaweza kubadilika bila sheria mpya. Vijiwe vina viongozi na daftari. Wamiliki wengi wa toyo za Mwaloni wanafahamiana. Kinachohitajika ni makubaliano mawili. La kwanza, tarehe ya kubadilisha shuu iandikwe kwa rangi kwenye chasi, karibu na pedeli, kila mpakiaji na kila abiria aione, pamoja na mstari wa rangi kwenye mkono wa breki na kwenye sahani kuonyesha ulipokuwa siku shuu zikiwa mpya. Breki ikishika, umbali kati ya mistari hiyo haufichwi kwa kukaza nati, na mtu asiyejua kusoma anauelewa. La pili ni la fedha, nalo ndilo gumu: shuu, waya na dramu ziwe za tajiri moja kwa moja, zisiingie kwenye hoja ya dogo na kubwa, na siku dramu inapofunguliwa na chombo kupelekwa mlimani kujaribiwa, dereva asidaiwe hesabu ya siku hiyo.